Karafuu, Mchele na Hesabu ya Nyumba Pemba

Kila tunapokutana, sisi tulioko Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, mazungumzo huishia kwenye bei ya mchele huko nyumbani. Kwa hiyo tumeona vyema mwaka huu, kabla ya kutaja michango, tukumbushane ugumu huu ulikotoka.

Zama za Wareno, Pemba ndiyo iliyokuwa ikiilisha Mombasa. Mchele wa mabonde yetu ulivushwa kwa vyombo vya tanga hadi kwa askari wa Ngome ya Yesu. Kisiwa kilikuwa muuzaji wa chakula. Vijana wetu wengi hawalijui hilo, na hatuwalaumu, maana Pemba wanayosimuliwa ni ya karafuu tu.

Mikarafuu ilishapandwa hapa kabla ya tufani ya Aprili 1872, ila tufani ile ndiyo iliyogeuza mambo. Iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka kwetu. Fedha ikaja. Lakini mkarafuu haubebi sawasawa kila mwaka: msimu mmoja hufurika mpaka wachumaji hawatoshi, unaofuata matawi ni matupu. Tumbo nalo halina msimu. Nyumba zikazoea kula mchele wa dukani kwa deni, deni likingoja karafuu, na mwenye shida ya haraka akauza karafuu zake zikiwa bado mtini, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. (Desturi hii haijafa, tunajuana.)

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Hata mwenye fedha mkononi hakuwa na pa kuupata. Chakula kikagawiwa kwa kipimo, na muhogo, majimbi na ndizi vikashika sinia.

Miaka ya 1980 pigo likaja kwa upande wa pili. Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa aliyezitia karafuu kwenye sigara zake, ikaanza kutosheka na mikarafuu yake yenyewe, bei ikaporomoka. Wapo miongoni mwetu ambao wazazi wao waliondoka kisiwani miaka ile ile.

Bei ilikuja kupanda tena. Katika miaka ya 2010 kilo ya karafuu za daraja la kwanza ilifika shilingi 14,000. Hata hivyo mchele bado unavuka bahari, na juu ya bei yake kuna nauli ya chombo, ujira wa wapagazi na faida ya kila mkono unaoupitisha. Karafuu ikipanda, mchele haushuki. Nyumba inayopumua ni ile yenye kipande chake cha mpunga bondeni na matuta ya muhogo pembeni, kwa sababu hununua kidogo.

Ndiyo maana mchango wa safari hii ni wa kuzibua mitaro ya bonde letu, iliyojaa mchanga, na kununua mbegu za mpunga. Mlioko nyumbani, tunawaomba mtoe mkishauza karafuu, kwa fedha au kwa siku za kazi bondeni. Sisi tulioko nje tutatoa kila mwezi, kwani mishahara yetu haingoji msimu. Mitaro iwe tayari kabla ya mvua za masika.