Kikingio cha Rejeta: Neno na Chombo Chake

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Same, na hapo ndipo magari yaendayo katika vijiji vya Upare Kusini huiacha na kuanza kupanda mlima. Safari hizo za mwendo mdogo na mzigo mkubwa ndizo zichemshazo maji ya rejeta, nazo ndizo zilizotuletea swali la istilahi tunalolijadili hapa.

Magari ya zamani yalikuwa na kimpira kimoja tu kwenye mdomo wa rejeta. Maji yakipata moto hutanuka. Yakiishinda springi ya kifuniko humwagika barabarani, na dereva hana budi kuongeza mengine. Magari yaliyofuata yalipewa chupa ya kuyapokea. Lakini baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979, fedha za kigeni zilipungua na vipuri vikaadimika. Fundi wa gereji bubu (jina zuri, wala halikubuniwa na kamati yoyote) hushika dumu la plastiki, akatia kimpira kinachofika chini kabisa ya maji, akatoboa tundu dogo juu la kupitishia hewa. Injini ikipoa, rejeta huyavuta tena maji yake. Kimpira kikiishia juu ya maji, itavuta hewa. Tundu likizibwa, dumu litafura au kunywea.

Katika tafsiri tunazozipitia, chombo hiki huitwa mara tangi la akiba, mara tangi la upanuzi. Jina hili la pili ndilo linalotutia wasiwasi. Liko tangi jingine lililomo ndani ya mzunguko wenyewe wa maji, lenye kubeba mgandamizo wote wa rejeta, na maji yake yaweza kukaribia sentigredi 120 bila ya kuchemka. Msomaji aliyepewa jina moja kwa vyombo viwili aweza kulifungua likiwa la moto, likamrushia maji na mvuke usoni. Hapo kosa la mfasiri si la sarufi.

Sisi twapendekeza kikingio, kutokana na kukinga, kitenzi akijuacho kila awekaye ndoo chini ya mchirizi wa paa. Lingeweza pia kufikiriwa neno ndiva, ambalo kwa Wapare ni bwawa la kukusanya maji ya kijito usiku na kuyaachia mifereji mchana. Kiswahili hakioni haya kukopa huko: kitivo, neno la vyuo vikuu, latokana na lugha za milima ya Upare na Usambara. Lakini ndiva hufunguliwa na watu kwa zamu, ilhali kikingio hakina mfunguaji. Tena neno lingali na kazi yake shambani.

Tangi la upanuzi libakie kwa chombo chenye mgandamizo, na kila litajwapo katika kitabu cha gari lifuatane na onyo la kutolifungua kabla injini haijapoa.