Kitambaa cha Miraba cha Westminster

Mwingereza akitamka neno check, huenda anamaanisha kizuizi, ukaguzi, kitambaa cha miraba au tishio kwa mfalme katika sataranji. Mmarekani anaongeza hundi ya benki na bili ya mgahawani. Yote hayo yana shina moja: shah, yaani mfalme kwa Kiajemi. Mchezaji alilitaja kumwonya mwenzake kwamba mfalme wake yu hatarini. Waarabu wakalichukua, Wafaransa wakalipinda, Waingereza wakalipokea kwao. Maana ya kizuizi haina fumbo: mfalme akitishwa, mipango mingine yote husubiri mpaka aokolewe.

Kilichoivuta fedha katika neno hilo ni meza. Katika karne ya 12, mapato ya mfalme wa Uingereza yalihesabiwa juu ya meza ya futi 10 kwa 5 hivi, yenye ukingo ili vihesabio visidondoke. Ilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, na kwa kuwa kilifanana na ubao wa sataranji, ofisi nzima ikaitwa Exchequer. Richard FitzNeal, mweka hazina wa Henry II, aliandika kitabu juu ya ofisi hiyo katika miaka ya 1170, akasema kwamba hata pale hupiganwa vita: mweka hazina upande huu, sherifu wa kaunti, aliyemkusanyia mfalme mapato, upande ule. Alipatia. Sherifu aliliona deni lake likipangwa safu kwa safu, peni, shilingi, pauni, na hakuhitaji kujua kusoma ili atambue kwamba amebanwa. Tena namba za Kirumi ni balaa kuzijumlisha. Vihesabio vilisogezwa tu.

Risiti ilikuwa kijiti. Mkato wenye upana wa kidole gumba ulikuwa pauni 100, wa kidole cha mwisho pauni 20, wa punje ya shayiri pauni 1. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na kipande chake. Siku ya hesabu vilipaswa kuoana. Utaratibu huo ulidumu hadi 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 vijiti vya zamani vilichomwa kwenye tanuri chini ya Bunge la Uingereza huko Westminster, na Bunge lenyewe likateketea. Hazina iliyolinda kila peni ikashindwa kulinda jengo!

Katika karne ya 18, check ya benki ilikuwa kishina, kipande kilichobaki ili kuzuia kughushi. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi yenyewe. Waingereza, wakiitazama Exchequer yao, wakaiandika cheque, Wamarekani hawakujisumbua.

Kenya imeirithi Exchequer: ndilo jina la akaunti ya Hazina ya Taifa katika Benki Kuu, kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya 2012. Hundi tuliipata kwingine, kwa wafanyabiashara wa Bara Hindi. Check ilitufikia kupitia vijana: “Nicheki baadaye.”