Afande na Darasa Lake: Lugha na Elimu ya Askari Mjini Kigali

Mtu aliyezoea Kiswahili cha pwani akifika Kigali, akasimama karibu na lango la kambi ya jeshi, hatakawia kusikia neno analolijua. Mazungumzo yote yatakuwa ya Kinyarwanda, lakini askari kijana akiitwa na mkubwa wake ataitika, "Yego, afande." Raia naye, hata yule asiyejua Kiswahili kabisa, akitaka kumtaja ofisa kwa heshima atamwita afande fulani.

Neno hili lina nasaba ndefu. Waturuki walisema efendi, wakimkusudia bwana aliyesoma, mtu wa kalamu. Katika Misri iliyokuwa chini ya dola la Kituruki neno hilo lilishika maana ya karani au ofisa ajuaye kusoma na kuandika. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alikwenda Kairo kuandikisha askari wa Kisudani waje kuwapigania Wajerumani katika pwani yetu, nao wakaja na lugha ya kambi zao. Waingereza kwa upande wa Uganda waliwachukua Wasudani wengine waliosalia katika jeshi la Emin Pasha. Ndivyo efendi lilivyogeuka kuwa afande. Basi kwa asili yake afande ni msomi, wala si mtoa amri tu, na jambo hilo yafaa walimu wa lugha walikumbuke.

Neno jingine lililobaki Rwanda ni umusirikare, yaani askari, ambalo chimbuko lake ni serikali: mtu wa serikali. Wanyarwanda walikuwa na neno lao la zamani, ingabo, lenye maana ya ngao na pia jeshi. Hayo mawili hayalingani. Ingabo ni watu waliosimama kuikinga nchi; umusirikare ni mtu aliyetumwa na serikali. Mtu akitaka kujua yaliyotokea Rwanda baada ya mwaka 1900 anaweza kuanzia katika maneno hayo mawili tu, akafika mbali.

Madhumuni ya makala haya ni kutazama jinsi askari walivyosomeshwa katika nchi hii na kwa lugha gani. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba ngazi ya elimu ya jeshi mjini Kigali imejengwa daima kwa lugha zaidi ya moja: lugha moja chini, kwenye uwanja wa gwaride, na nyingine juu, darasani. Kiswahili kilikuja na bunduki, kikakaa uwanjani, na mpaka leo hakijaingia darasani.

Kabla ya kambi palikuwa na itorero. Vijana waliochaguliwa, ambao ndio intore, walikusanywa kwenye ua wa mfalme au wa chifu mkubwa wakafundishwa mkuki, upinde, ngoma, adabu na ufasaha wa kusema. Kijana hakuhesabiwa kuwa amekamilika mpaka aweze kujisifu kwa ibyivugo, mashairi ya majigambo ambayo ndugu zetu Wahaya wanayo ya namna hiyo hiyo. Shujaa aliendelea kuyaongeza kadiri matendo yake yalivyoongezeka. Huko elimu ya vita na elimu ya lugha zilikuwa kitu kimoja.

Wajerumani hawakulijali hilo. Richard Kandt alipoanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, alikuja na askari na makarani waliosema Kiswahili, na waliokaa mjini pamoja na wafanyabiashara ndio walioipa mitaa ya Waislamu, kama Nyamirambo na Biryogo, sifa ya Uswahilini inayodumu hadi sasa. Majeshi ya Ubelgiji yaliuteka mji tarehe 6 Mei 1916. Tangu hapo ulinzi wa Rwanda ulikuwa mikononi mwa Force Publique ya Kongo, ambayo lugha yake ya kambi hatimaye ilikuwa Kilingala zaidi. Askari walitoka Kongo. Mnyarwanda hakufundishwa kazi ya jeshi kwa muda wa zaidi ya miaka 40. Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya mji, ya soko na ya dereva, na machoni pa wengi wa vijijini ikawa lugha ya watu wajanja wasioaminika. Mwalimu wa Kiswahili anayefanya kazi Rwanda anaijua taabu hiyo.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kuuliza: kwa nini askari asome maisha yake yote? Mbona haitoshi kumfundisha kulenga shabaha na kutii? Jibu ni kwamba kila cheo ni kazi nyingine. Kuruta hujifunza kutunza silaha na kutembea na wenzake. Koplo mwenye watu wapatao 10 lazima ajue kueleza, maana amri isiyoeleweka huua watu. Sajini ni mwalimu wa kila siku wa platuni nzima. Yeye ndiye anayemfunza hata luteni kijana aliyetoka chuoni juzi, ingawa kwa heshima hujifanya hamfunzi. Meja na kanali hawaongozi watu kwa sauti tena, bali kwa karatasi: ramani, hesabu ya chakula, mafuta na risasi, mpango wa siku kumi zijazo. Waprusia waliligundua hilo kwa uchungu. Baada ya Napoleon kuwapiga mwaka 1806 walianzisha chuo cha vita mjini Berlin mwaka 1810 kwa maofisa waliokwisha kutumikia jeshi, na vyuo vya namna hiyo vilivyoenea duniani vimefuata mfano wao.

Ngazi ikikatwa katikati, jeshi huvunjika. Force Publique ilikuwa na askari wapatao 25,000 na maofisa wapatao 1,000, na hapakuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku tano baadaye askari waliasi. Kwetu mambo yalifanana. Katika King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ofisa Mwingereza alipaswa kujifunza, cheo cha juu kabisa alichoweza kukipata Mwafrika katika miaka ya 1950 ya mwisho kiliitwa effendi, neno letu lile lile, nacho kilikuwa chini ya luteni wa Kizungu aliyemaliza shule jana. Januari 1964 askari wa Colito, Jinja na Lanet waliasi ndani ya juma moja, wakidai mishahara, na wale wa Colito na Jinja wakitaka pia maofisa Waingereza waondoke.

Wabelgiji waliliona la Kongo wakaharakisha Rwanda. Mwaka 1960 waliunda kikosi cha ulinzi cha Wanyarwanda na wakafungua shule ya maofisa mjini Kigali. Kundi la kwanza lilikuwa la wanafunzi wachache sana, Juvénal Habyarimana akiwa mmojawao, wakahitimu mwaka 1961, kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Shule hiyo baadaye ilipandishwa ikawa chuo cha juu cha jeshi, na maofisa wadogo wakawa na shule yao Butare. Mafundisho yalikuwa kwa Kifaransa. Waliofaulu walipelekwa Ubelgiji na Ufaransa kwa masomo ya juu zaidi. Kwa kipimo cha vyeti, jeshi hilo halikuwa na upungufu wa wasomi.

Nayaeleza haya bila kuyapamba, kwa sababu historia ya shule za Kigali haiwezi kupita pembeni ya mwaka 1994. Théoneste Bagosora alihitimu katika shule ya Kigali mwaka 1964, baadaye akawa naibu mkuu wake, akasoma pia katika chuo cha juu cha jeshi Ufaransa. Desemba 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika rufani ya mwaka 2011 adhabu yake ikawa miaka 35. Marcel Gatsinzi naye alitoka katika elimu ya namna hiyo hiyo, na Aprili 1994 alikuwa mkuu wa shule ya Butare. Yeye alijitenga na serikali ya mauaji, akaingizwa katika jeshi jipya, na tangu 2002 hadi 2010 alikuwa Waziri wa Ulinzi. Ngazi moja, vipandio vile vile, na watu wawili wa namna hiyo. Mwenye kudai kwamba darasa peke yake hulainisha moyo wa mwenye bunduki ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Jeshi lililoingia Kigali Julai 1994 lilikuwa limesomea pengine. Vijana wa wakimbizi wa Kinyarwanda nchini Uganda walijiunga na jeshi la msituni la Yoweri Museveni, National Resistance Army, katika vita vya 1981 hadi 1986, na humo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya mafunzo ya kila siku, kwa kuwa askari walitoka katika makabila mengi na hapakuwa na lugha nyingine isiyokuwa na mwenyewe. Mafunzo ya siasa na silaha waliyopewa raia Uganda baadaye yaliitwa chaka-mchaka, na kila aliyekimbia alfajiri katika kambi za Tanzania huku akiimba anajua neno hilo limetoka wapi. Watoto waliolelewa kikosini waliitwa kadogo. Hicho hakikuwa Kiswahili cha vitabu. Ngeli zilianguka njiani, vitenzi vikabaki katika hali ya kuamuru, lakini kilifanya kazi yake.

Hata hivyo ngazi ilibadilika lugha palepale ilipozoea kubadilika. Vita vya Rwanda vilipoanza tarehe 1 Oktoba 1990, na kamanda wake Fred Rwigyema akauawa siku ya pili, Paul Kagame alikuwa mwanafunzi katika chuo cha ukamanda cha Jeshi la Marekani huko Fort Leavenworth, Kansas. Aliacha masomo akarudi kuongoza. Kutoka Kiswahili cha msituni hadi Kiingereza cha Kansas: hiyo ndiyo njia yenyewe katika maisha ya mtu mmoja.

Siku hizi ngazi inapandwa ndani ya nchi karibu yote. Mwanafunzi ofisa huanzia chuo cha Gako, wilayani Bugesera, kusini ya Kigali, ambako anaweza kupata pia shahada kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Rwanda. Akifika umeja na kuendelea hupelekwa Nyakinama, karibu na Musanze, mahali palipokuwa zamani tawi la Chuo Kikuu. Chuo cha ukamanda kilifunguliwa hapo Julai 2012 na hupokea maofisa wa nchi nyingine za Afrika. Lugha ya darasa ni Kiingereza, kama ilivyoamuliwa kwa shule zote za nchi mwaka 2008. Katika gwaride za miaka ya karibuni amri zimesikika kwa Kinyarwanda, na ni haki yao. Kiswahili, ambacho Bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi Februari 2017, kimebaki na afande.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Jeshi la Wananchi lilipoundwa Septemba 1964 juu ya magofu ya maasi, lilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake, toka "mguu sawa" hadi majina ya vyeo: luteni usu, ofisa mteule, mnadhimu. Chuo cha Duluti kinaitwa Chuo cha Ukamanda na Unadhimu. Nalipenda neno hili unadhimu. Shina lake ni lile la Kiarabu lililotupa nidhamu, na pia kunadhimu, yaani kutunga shairi kwa mpango wa vina na mizani. Mnadhimu wa jeshi na mtunzi wa utenzi ni ndugu katika kamusi: kila mmoja hupanga vitu vingi viende kwa pamoja. Wazee wa itorero wangalilielewa neno hilo bila kufafanuliwa.

Haja ya lugha hii ilionekana mahali pasipotazamiwa. Julai 2021 askari wa Rwanda walipelekwa Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, na tarehe 8 Agosti mji wa Mocímboa da Praia ukachukuliwa tena kutoka kwa waasi. Wenyeji wa pwani ile husema Kimwani, jamaa wa karibu wa Kiswahili, na wengi wanajua Kiswahili chenyewe. Wanajeshi wa Msumbiji walikuwa na Kireno. Wanyarwanda waliweza kuzungumza na wavuvi na akina mama waliorudi katika nyumba zilizoungua. Waandishi wa habari waliofika huko waliliandika jambo hilo kama jambo la ajabu.

Lakini ni nani hasa walioweza? Walio wengi ni waliokulia Uganda, Tanzania au Kongo kabla ya 1994, wakaja na lugha midomoni. Kizazi hicho kinaondoka jeshini. Agosti 2023 majenerali 12 walistaafishwa kwa mkupuo, miongoni mwao James Kabarebe na Fred Ibingira. Luteni anayetoka Gako mwaka huu amezaliwa baada ya vita, amesoma kwa Kiingereza, na Kiswahili chake ni kile alichokipata shuleni kwa vipindi vichache vya juma, kutoka kwa mmoja wetu.