Straika Aliyebaki na Macho: Habari za Stefano Borgonovo

SEHEMU YA 1

Nilipoandika kuhusu kiharusi, mdau mmoja aliniuliza: "Sista, kuna ugonjwa gani unaomfanya mtu aelewe kila kitu lakini ashindwe hata kufukuza nzi usoni?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba upo, unaitwa ALS, na nikaahidi kuuelezea. Leo natimiza ahadi, ila nitapitia mlango wa mpira. Aliyenifanya niutazame ugonjwa huu kwa jicho jingine si profesa wa chuo, ni straika wa Kiitaliano. Anaitwa Stefano Borgonovo.

Kama humjui, usijione mshamba. Ukiwauliza watu mastraika wa Italia watakutajia Paolo Rossi, Schillaci, Vieri, Inzaghi. Borgonovo alichezea timu ya taifa mechi 3 tu, zote mwaka 1989. Kombe la Dunia hakucheza.

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1964 Giussano, mji mdogo wa Lombardia, kaskazini mwa Italia. Mpira alilelewa na Como, timu ya mji ulio kando ya ziwa. Walimpandisha timu ya wakubwa angali kijana mdogo, wakampeleka kwa mkopo Sambenedettese ya daraja la pili msimu wa 1984/85, kisha wakamrudisha. Mwaka 1986 Milan wakamnunua, lakini wakamwacha hukohuko Como. Si unajua timu kubwa zilivyo: inakununua, halafu inakuweka kwa jirani uive. Mwaka 1988 wakamhamisha, bado kwa mkopo, akaenda Fiorentina.

Hapo sasa ndipo utamu ulipo.

Fiorentina ilikuwa inafundishwa na Sven-Göran Eriksson, yule Mswidi aliyekuja kuifundisha Uingereza miaka mingi baadaye. Ndani ya kikosi kulikuwa na kijana wa miaka 21 ambaye goti lake lilikuwa limeshapasuliwa na watu walikuwa wameanza kumhesabu kama mgonjwa wa kudumu. Jina lake Roberto Baggio. Eriksson akawapanga pamoja, Baggio na Borgonovo, na magazeti yakawaita B2 kwa sababu ya zile herufi mbili za mwanzo wa majina yao.

Baggio alikuwa mtu wa kuubembeleza mpira, anapita katikati ya watu kama anapita sebuleni kwake. Borgonovo hakuwa fundi wa namna hiyo. Yeye alikuwa mnusaji. Anakimbia mahali ambapo beki hajapafikiria, anafungua njia, mpira ukidondoka yuko pale. Msimu ule wa ligi Baggio alifunga magoli 15, Borgonovo 14. Fiorentina nzima ilifunga 44. Piga hesabu mwenyewe: 29 kati ya 44 yametoka kwa watu wawili.

Mechi ambayo watu wa Firenze hawajaisahau ni ya Februari 1989 dhidi ya Inter. Inter ile ya Trapattoni ilikuwa mashine. Ilichukua ubingwa na msimu mzima ilipoteza mechi 2 tu kati ya 34. Moja ya hizo mbili ni hii. Matokeo yako 3–3, Giuseppe Bergomi, beki aliyebeba Kombe la Dunia la 1982 akiwa na miaka 18, anarudisha mpira nyuma kwa kipa wake, mpira unakosa nguvu. Nani kaunusa? Borgonovo. 4–3. Mwisho wa msimu Fiorentina wakacheza mechi ya mchujo na Roma mjini Perugia kugombea nafasi ya kombe la UEFA, wakashinda 1–0.

Huo ndio ulikuwa msimu wake. Mmoja.

SEHEMU YA 2

Milan wakamwita nyumbani. Hebu fikiria unatoka kuwa nusu ya B2, unaingia kwenye timu ya Arrigo Sacchi, mabingwa wa Ulaya, namba yako inachezwa na Marco van Basten. Na juu ya hayo majeraha yakaanza. Mara nyingi alikuwa jukwaani au benchi.

Ila kuna usiku mmoja. Tarehe 18 Aprili 1990, Munich, nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Milan walishinda 1–0 nyumbani, Bayern nao wakashinda 1–0 kwao, ikabidi muda wa nyongeza. Dakika ya 100 mpira unamfikia Borgonovo, kipa Aumann anatoka golini, jamaa anauinua taratibu unapita juu ya kichwa cha kipa na kuingia. Bayern wakapata la pili, lakini kwa sheria ya goli la ugenini iliyokuwepo enzi hizo, Milan wakapita. Mwezi uliofuata wakaifunga Benfica 1–0 Vienna kwa goli la Rijkaard na kubeba kombe. Fainali Borgonovo hakucheza. Ila bila ule mpira wake wa juu juu, hiyo fainali wangeitazama kwenye televisheni.

Majira yale ya joto akarudi Fiorentina. Nawe utadhani B2 inaunganika tena. Wapi! Ni mwaka huohuo Baggio aliuzwa Juventus, mahasimu wakubwa, na mji ukawaka moto kweli, watu waliingia mitaani na kupambana na polisi. Borgonovo alirudi nyumba ileile akakuta mwenzake kahama. Alikaa hadi 1992, halafu Pescara, Udinese, Brescia. Sitakaa sana hapo kwa sababu hakuna cha kukaa nacho: majeraha, magoli machache, timu inashuka, timu inapanda. Mwaka 1996 akatundika daluga akiwa na miaka 32, akaoa kazi ya ukocha wa vijana palepale Como alikoanzia.

Kama hadithi ingeishia hapo, Borgonovo angekuwa swali gumu la mashindano ya maswali ya mpira, basi.

SEHEMU YA 3

Hapa naomba nivae sare yangu kidogo.

Misuli yako haijiendeshi yenyewe. Inapokea amri kutoka kwenye ubongo kupitia seli maalumu za neva zilizoko kwenye ubongo na uti wa mgongo. ALS, ambayo Waitaliano wanaiita SLA, inaua seli hizo. Amri hazifiki, misuli inakonda na kulala. Kwa mmoja inaanza mkononi, anashindwa kufunga kifungo cha shati. Kwa mwingine inaanza na ulimi, maneno yanakuwa mazito hadi watu wanadhani amelewa. Inasambaa. Kumeza kunakuwa shida, anawekewa mpira wa kulishia tumboni. Mwisho misuli ya kupumua inachoka, anatobolewa koo na kuunganishwa na mashine. Kuna dawa za kuupunguza mwendo kidogo, ya kuuponya hakuna.

Sasa sikiliza kinachonikosesha usingizi. Ugonjwa huu hauchukui hisia. Mgonjwa anahisi mkunjo wa shuka chini ya mgongo. Anahisi mbu. Anasikia. Mara nyingi na akili yake inabaki timamu. Na misuli inayogeuza macho kwa kawaida ndiyo inayobaki hadi karibu na mwisho.

Borgonovo alipougua alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya, alijificha. Nyumbani na mkewe Chantal na watoto wao wanne, wakaubeba wenyewe. Nje ya familia na marafiki wa karibu watu hawakujua. Ni mwaka 2008 ndipo alipokubali kujitokeza, na wakati huo alikuwa hawezi kusema wala kuinua kidole. Alizungumza kwa kompyuta yenye kamera inayofuata macho: unatazama herufi kwenye skrini, inaandikwa, ukimaliza sentensi sauti ya mashine inaisoma. Ugonjwa wenyewe aliupa jina la tusi, tusi la kike la Kiitaliano ambalo mama yangu yumo humu ndani kwa hiyo silitafsiri. Nalipenda hilo tusi. Mtu anayetukana bado yupo.

Tarehe 8 Oktoba 2008 ikaandaliwa mechi ya hisani Firenze, Fiorentina na Milan, timu zake zote mbili, pesa ziende kwenye mfuko aliouanzisha wa kupambana na ugonjwa. Akaingizwa uwanjani amelala kwenye kiti chake, mashine ya kupumulia ikiwa naye. Anayesukuma kiti ni nani? Roberto Baggio.

Kama hujui uzito wa hilo, rudi nyuma kidogo. Baggio aliondoka uwanja ule kwa ghasia. Aprili 1991 alirudi hapo na jezi ya Juventus, ikatokea penalti, akakataa kuipiga. Alipotolewa, shabiki akarusha skafu ya zambarau ya Fiorentina, akaiokota. Mapenzi yake na mji ule yalikuwa na kidonda kwa miaka 17. Na siku anaposimama tena mbele ya watu wale, amekuja kumsukuma mwenzake. Anainama, anamnong'oneza, anamtazama machoni, anasubiri. Ukiitafuta video, achana na uwanja unaoimba. Mwangalie Baggio anavyosubiri jibu.

Kusubiri jibu ndiko kulikonipiga mimi. Miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa na mgonjwa asiyesema wala kusogea, si ALS, ni tatizo jingine la neva. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunamgeuza kitandani huku tunasimuliana habari za harusi na za mshahara kuchelewa. Siku moja nikasema juu ya kichwa chake, "Huyu naye hamalizi wiki." Nikateremsha macho. Alikuwa ananitazama. Chozi likateremka kuelekea sikioni, na hakuweza kulifuta. Nililifuta mimi. Niliomba msamaha, ila hadi leo sijui kama ulipokelewa, kwa sababu sikuwa najua kumuuliza. Ningeweza kumwambia: funga macho mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Kitu cha dakika moja, hakitaki kompyuta wala umeme.

SEHEMU YA 4

Wengi mtauliza, je, mpira ndio uliomuua? Swali zuri, na limeulizwa mahakamani kabla yako.

Mwaka 1998 kocha Zdeněk Zeman alisema hadharani kwamba mpira wa Italia umezama kwenye dawa, na mwendesha mashtaka wa Torino, Raffaele Guariniello, akaanza kuchunguza. Alikuwa anatafuta dawa za kuongeza nguvu, akakutana na vifo vya ajabu. Wakati huohuo watu walikuwa wameshamwona Gianluca Signorini, nahodha wa zamani wa Genoa, akiingizwa uwanjani kwa kiti cha magurudumu mwaka 2001. Alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa huuhuu.

Mwaka 2005 daktari Adriano Chiò na wenzake wa Torino wakatoa utafiti wao. Walifuatilia zaidi ya wachezaji 7,000 waliocheza madaraja mawili ya juu ya Italia kati ya 1970 na 2001. Kwa idadi hiyo ya watu, ALS ilitakiwa impate pungufu ya mtu mmoja. Walikuta 5. Na iliwaanza mapema, wakiwa kwenye miaka ya arobaini, wakati kwa watu wengi huanza baada ya hapo. Baadaye wakaangalia waendesha baiskeli na wacheza kikapu wa kulipwa, hawakukuta mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo si jasho tu. Wengine wanasema ni kupiga mpira kwa kichwa na kugongana, wengine dawa walizomeza, wengine sumu za kuulia wadudu kwenye nyasi, wengine maumbile ya kurithi yanayokutana na hayo yote. Jibu la mwisho halijapatikana, na mtu akikuambia analo, mwulize kalitoa wapi. Na watano kati ya elfu saba bado ni wachache, kwa hiyo usimkataze mwanao kucheza kwa sababu ya chapisho langu.

Borgonovo mwenyewe hakuulaani mpira. Alisema anaupenda, na kama angeweza angeingia uwanjani hata muda huohuo. Mwaka 2010 akatoa kitabu cha maisha yake, "Attaccante nato", yaani mshambuliaji wa kuzaliwa, akisaidiwa na mwandishi wa habari Alessandro Alciato. Sehemu yake aliiandika kwa macho, herufi moja, herufi nyingine. Mimi kuandika haya kwa vidole vyote kumi kumenichukua siku mbili, nikiwa nimeketi vizuri na chai.

Alifariki tarehe 27 Juni 2013, ana miaka 49. Usiku huohuo Italia walicheza na Hispania Brazil, nusu fainali ya Kombe la Mabara, wakatolewa kwa penalti.

Mwaka uliofuata, 2014, dunia nzima ilijimwagia ndoo za maji ya barafu, wengine wetu humu tulirekodiwa tukipiga kelele uani. Ile ilikuwa kwa ajili ya ALS. Wengi tulilowa bila kujua.

Maswali yenu nitayajibu kesho mchana, leo naingia zamu ya usiku. Na kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa chumba cha ndani ambaye haongei, kabla hujalala nenda kamsalimie kwa jina lake, mwulize kitu, halafu subiri.