Uhuru na Umoja: Meli Zilizobeba Treni

Mtu wa kisiwani akifika Dodoma, jambo la kwanza alitafutalo ni maji. Nami nilipofika huko mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, niliyatafuta nisiyaone: mbuyu, vumbi, na mito ya mchanga inayongoja masika ili ikumbuke kwamba ni mito. Wenyeji husema jina la mji limetokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa sababu ya tembo aliyezama matopeni alipokwenda kunywa. Nikaona ajabu, mji mkavu namna ile kuitwa kwa kuzama.

Jioni nikasimama stesheni kuyatazama mabehewa ya mizigo yakivutwa kuelekea Manyoni na Tabora. Kwetu Unguja treni ni hadithi, ukiacha ile reli ya Bububu iliyokwisha zama za wazee wetu. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa kando yangu, mstaafu wa reli, mabehewa yale yaendako. "Mengine yanaishia Mwanza, mdogo wangu," akanijibu. "Na mengine yakifika Mwanza yanapanda meli." Nikadhani ananitania mtu wa pwani. Hakuwa akinitania.

Historia ya nyanda hizi inaanza kwa kinyume cha maneno ya mzee yule: kwanza meli ilipanda treni. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa njia hiyo walipitisha meli yao Graf von Goetzen, iliyoundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yanayotajwa kufikia 5,000. Ilivuka uwanda wa Ugogo ikiwa imelala masandukuni, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ndiyo hiyo tuijuayo leo kwa jina la Liemba.

Upande wa kaskazini, Waingereza walikuwa wamekwisha kuifikisha reli yao kutoka Mombasa hadi Kisumu mwaka 1901. Tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Hapo reli mbili zikawa zinatazamana kwa mbali, na Ziwa Viktoria limelala kati yao. Watawala walioanzisha reli hizo walikuwa tofauti, lakini kwa bahati njema kipimo chao kilikuwa kimoja: upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Hata hivyo mzigo haukuweza kuvuka bila kubebwa na mwanadamu. Gunia liliteremshwa behewani kwa bega la mchukuzi, likapakiwa melini kwa bega, likateremshwa ng'ambo kwa bega, likarudishwa behewani kwa bega. Kila bega lilidai ujira na muda, na kila hatua iliacha punje njiani.

Dawa yake ikapatikana katikati ya miaka ya 1960, Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki lilipoagiza meli mbili kwa Yarrow, waunda meli wa Glasgow. Nazo zilikuja vipande vipande, zikaungwa Kisumu. Sitahani zake zilitandikwa reli. Meli hurudi kinyumenyume gatini, tezi ikielekea nchi kavu, ikaungana na daraja lenye bawaba linalopanda na kushuka kwa kufuata kina cha ziwa. Kichwa cha treni huyasukuma mabehewa taratibu, huku kidogo na kule kidogo, meli isije ikalalia upande. Kisha hufungwa minyororo. Meli moja huchukua mabehewa yapatayo 19 kwa safari, na magati ya namna hiyo yalikuwapo Mwanza, Musoma, Kisumu, Jinja na Port Bell. Mzigo uliofungwa Dar es Salaam ulipita Dodoma, ukavuka ziwa, ukafunguliwa Kampala, pasipo bega hata moja kuugusa. Mimi niliyeishi kwa kutafsiri nautamani ufundi huo: kuvusha neno toka lugha hadi lugha lisimwagike hata punje.

Meli zile zilipewa majina mawili, Uhuru na Umoja. Msomaji atakumbuka kwamba maneno hayo, yakiunganishwa, ndiyo yaliyoandikwa katika ngao ya taifa la Tanzania. Lakini meli hazikuwa za Tanzania peke yake, zilikuwa za watu wote wa ziwa. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikaundwa mwaka 1967, ikavunjika mwaka 1977. Zikagawanywa mali: Uhuru ikaenda Kenya, Umoja ikabaki Tanzania. Mshairi yeyote angetunga jambo kama hilo, wasomaji wangemwambia ametia chumvi.

Uganda, isiyo na pwani, haikupata hata neno moja kati ya hayo mawili. Katika miaka ya 1980 ikajipatia meli zake tatu zilizoundwa Ubelgiji: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mwaka 2005 Kabalega ikagongana na Kaawa, ndugu yake, nayo Kabalega ikazama. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera, Nairobi, na Uganda ikaona uchungu wa kutegemea mlango mmoja.

Wala mlango wa pili haukuwa imara. Meli ya Mwanza hula kutokana na reli ya Dodoma. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na ile mito ya mchanga niliyoidharau ikafanya kazi ambayo mawimbi ya ziwa hayakuweza kuifanya. Meli ina faida gani, iwapo behewa limekwama Gulwe?

Mwaka 2018 safari za mizigo za Dar es Salaam, Mwanza na Port Bell zilifufuliwa, na mwaka uliofuata Uhuru nayo ikarudi majini. Tulifurahi. Kisha mwaka 2024 treni ya umeme ikafika Dodoma, na sasa mji ule una njia mbili za chuma. Mpya ina upana wa milimita 1,435, ya zamani milimita 1,000. Siikejeli reli mpya. Nimeipanda, nami naisifu. Lakini sitahani ya Umoja imetandikwa reli ya mita moja, na behewa la njia mpya haliwezi kuingia humo. Reli mpya nayo inajengwa kuelekea Mwanza. Ikifika gatini na meli zikabaki zilivyo, tutarudi kwenye bega la mchukuzi, au la winchi, na punje zitamwagika kama zamani. Wajerumani na Waingereza, waliokuja kupigana vita juu ya nchi hizi, walituachia kipimo kimoja. Itakuwa aibu sisi, tunaoitana ndugu, tukiachiana viwili.

Nafunga kwa ubeti mmoja:

Uhuru ameondoka, Kisumu kaenda kwao,
Umoja hapa kafika, Mwanza kapata makao,
Neno lilipokatika, iliyobaki ni ngao,
Leo tunachokitaka, reli iwe moja kwao.