Ahadi Mbili za Mlima Sinai

Chini ya Jabali Musa, katika jangwa la Sinai nchini Misri, imesimama nyumba ya watawa iitwayo kwa jina la Mtakatifu Katarina. Watawa walilikalia bonde lile tangu karne ya 4, wakiishi karibu na kichaka ambacho, kwa mapokeo yao, ndicho alichokiona Nabii Musa kikiwaka moto pasi na kuteketea. Katika karne ya 6 Kaisari Justinian wa Konstantinopoli aliwajengea ukuta mnene wa mawe ya itale, na kanisa ndani yake.

Umri wa kanisa hilo unajulikana kwa dua. Boriti za paa zimechongwa maneno yanayomwombea Justinian kama mtu aliye hai, na mkewe Theodora kama marehemu. Theodora alifariki mwaka 548, naye Justinian mwaka 565; basi paa liliezekwa baina ya miaka hiyo. Boriti zingalipo, ingawa dari iliyowekwa karne nyingi baadaye imezifunika zisionekane kutoka chini.

Katika karne ya 8 na ya 9, makaisari wa Konstantinopoli waliamuru picha takatifu ziharibiwe. Amri hiyo haikufika Sinai, kwani wakati huo ilikuwa katika dola ya Kiislamu. Ndiyo maana baadhi ya picha kongwe kabisa za Kikristo duniani, zikiwamo za karne ya 6, zimesalia huko: zilisitirika chini ya watawala wasiokuwa Wakristo.

Hatua chache kutoka kanisani, ndani ya ukuta uleule, upo msikiti. Mimbari yake ya mbao ina maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1106, enzi ya Wafatimi. Wabedui wa kabila la Jabaliya, ambao wazee wao hutajwa kuwa ni askari waliotumwa na Justinian kuwalinda watawa, walisilimu zamani na wangali wakiitumikia nyumba ile.

Watawa wanahifadhi nakala za hati ambayo, kwa mapokeo yao, ni ahadi ya Mtume Muhammad kwamba wao na mali zao wasidhuriwe. Inasemekana hati ya asili ilichukuliwa na Sultani Selim wa Kwanza alipoiteka Misri mwaka 1517. Wanahistoria wengi wanatilia shaka asili yake. Hata hivyo, watawala waliopokezana nchi hiyo, mmoja baada ya mwingine, walitoa amri za kuwalinda watawa, na amri za Kifatimi zimo makavazini hadi leo.

Ahadi ya pili haina shaka juu ya mwandishi wake. Mwaka 1844 mtaalamu wa Kijerumani, Constantin von Tischendorf, aliondoka Sinai na kurasa 43 za Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa juu ya ngozi katika karne ya 4. Mwaka 1859 alirejea, akachukua sehemu kubwa iliyobaki, akaacha stakabadhi yenye saini yake kuwa kitabu kimeazimwa na kitarudishwa. Hakikurudi. Mwaka 1869 ilitiwa saini hati ya kumzawadia Kaisari wa Urusi kitabu hicho, hati ambayo uhalali wake unabishaniwa mpaka sasa. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti ilikiuza London kwa pauni 100,000. Huko Sinai vimebaki vipande vichache tu, vilivyogunduliwa mwaka 1975 katika chumba kilichokuwa kimezibwa. Barua ya Tischendorf nayo watawa wameitunza.

Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya rufaa nchini Misri iliamua kuwa ardhi ya nyumba hiyo ni mali ya dola, na kwamba watawa wana haki ya kuitumia. Kwa mara nyingine, usalama wa watu wale umo katika maneno ya karatasi.

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Hati inayotiliwa shaka ililipwa na watu ambao hawakuiandika. Stakabadhi iliyo wazi kama mchana haikulipwa na aliyeiandika kwa mkono wake. Ukuta wa Justinian ni mnene, lakini si wao peke yake uliozilinda boriti zile.