Kiondo cha Ukambani
Katika nyanda kavu za Ukambani nchini Kenya, ikiwemo Ekalakala, kusuka viondo, yaani vikapu vya nyuzi, ni kazi ya wanawake tangu kale. Nyuzi za awali zilitoka kwenye maganda ya mbuyu na vichaka. Zilisokotwa kwa kiganja juu ya paja, kisha zikatiwa rangi za magome na mizizi. Mkonge, ulioletwa Tanganyika na mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulienea Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ukawa malighafi kuu. Baadaye ziliongezwa nyuzi za sufu za dukani na mikanda ya ngozi. Kuanzia miaka ya 1970, watalii na wanunuzi wa ng'ambo walipanua soko, na vikundi vya akina mama vikawa mahali pa kufundishana mitindo mipya.